Umri wa Nyumba ya Kukodi

Watu wengi hujua kwamba nyumba hufa kwa njia mbili: ama huanguka kwa uzee, ama hubomolewa. Katika Uingereza na Wales iko njia ya tatu. Kuta ni nzima, paa halivuji, na mwenye kukaa ndani amelipa bei yote aliyotakiwa. Walakini nyumba imeandikiwa siku yake ya mwisho katika hati, na siku hiyo ikifika hurudi kwa mwenye ardhi. Fleti nyingi za nchi hiyo zimeshikwa kwa masharti haya. Kwa hiyo kuongezewa miaka kabla haijakwisha ni jambo zito kwa wenye kuzikaa. Insha hii yataka kueleza desturi hiyo ilikotoka, na jinsi lililokuwa ombi lilivyogeuka kuwa haki.

Mwaka 1677 Sir Thomas Grosvenor alimwoa Mary Davies, mtoto wa miaka 12, aliyerithi malisho na mabwawa upande wa magharibi wa London. Malisho yale ndiyo Mayfair na Belgravia ya leo. Koo kubwa zenye ardhi kama hiyo aghalabu hazikuuza viwanja vyao, wala hazikujenga zenyewe. Zilimpa mjenzi kiwanja kwa muda, na katika karne ya 19 muda wa miaka 99 ulikuwa wa kawaida. Mjenzi alijenga kwa fedha zake, akalipa kodi ndogo ya kiwanja kila mwaka, kisha akawauzia wengine miaka aliyopewa. Muda ulipokwisha, ardhi ilirudi pamoja na kila kilichosimama juu yake. Mapatano haya hayakukosa busara: mwenye mtaji mdogo alipata kujenga, na ukoo wenye subira ukapata mtaa mzima. Aliyetia sahihi hakuumia, maana alikuwa kaburini kabla ya siku ya kurudisha. Aliyeumia ni mjukuu.

Maumivu hayo yalionekana wazi katika mabonde ya makaa ya mawe ya Wales ya kusini. Nyumba nyingi za wachimbaji zilijengwa katika karne ya 19 juu ya ardhi ya kukodi, na kufikia miaka ya 1950 na 1960 muda wake ulikuwa unaisha. Watu walitakiwa wanunue tena walichokwisha kununua, au watoke. Mwaka 1966 serikali ilitoa hoja kwamba, kwa uadilifu, ardhi ni ya mwenye ardhi bali nyumba ni ya mkaaji. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha sheria iliyompa mkaaji wa nyumba haki ya kununua kiwanja chenyewe au kuongezewa miaka 50. Wadhamini wa mali ya Duke wa Westminster, wa ukoo ule ule wa Grosvenor, waliipinga sheria hiyo katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu kule Strasbourg. Mwaka 1986 majaji wote waliyakataa madai yao.

Lakini sheria ya 1967 ilihusu nyumba tu. Fleti ziliachwa nje. Nazo fleti zilikuwa zikizidi, kwa sababu iliyomo katika sheria yenyewe ya Kiingereza. Tangu hukumu moja ya mwaka 1885, ahadi ya kutenda jambo, kama kutengeneza paa, haimfungi mtu anayenunua baadaye milki ya daima. Wakaao juu na chini ya dari moja hawawezi kuishi bila ahadi kama hizo. Ukodi ndio uliozibeba. Basi mjenzi wa fleti aliuza miaka, si milki.

Mwaka 1993 haki iliwafikia wenye fleti: kuongezewa miaka 90 juu ya ile iliyobaki, na kodi ya kiwanja kushushwa hadi punje moja ya pilipili manga, yaani si kitu. Duke wa Westminster alijitoa katika chama cha Conservative kwa ajili ya sheria hiyo. Fidia ilibaki: mkaaji hulipia kodi inayopotea na kucheleweshwa kwa siku ya kurudisha. Ikiwa miaka iliyosalia haifiki 80, huongeza nusu ya kile kiitwacho thamani ya ndoa, yaani faida inayozaliwa milki mbili zinapokutana. Sheria ya 2024 iliamua muda uongezwe kwa miaka 990 na thamani ya ndoa ifutwe, ingawa sehemu kubwa ya sheria hiyo iliachwa ingoje kanuni zake.

Mwenye ardhi ana hoja, na haifai kuipuuza. Aliyenunua miaka 60 alilipa bei ya miaka 60; kwa nini apewe zaidi? Jibu langu ni kwamba bei ya haki hupatikana penye soko, na hapa soko hapana. Mwenye kutaka miaka ana mlango mmoja tu wa kubisha.

Hesabu hii ilivuka bahari. Katika Kenya amri ya ardhi ya 1902 iliruhusu kukodisha kwa miaka 99, na ile ya 1915 ikawapa walowezi wa mashamba miaka 999. Katiba ya 2010 imewapunguzia wasio raia hadi 99. Katika Tanganyika, Julius Nyerere alipinga milki ya daima mwaka 1958. Mwaka 1963 milki hizo ziligeuzwa ukodi wa serikali wa miaka 99, na mwaka 1969 ukodi huo ukawa haki ya kumiliki.

Hivyo kwetu kiti cha Duke kimekaliwa na dola. Sheria ya Kenya ya 2012 humpa raia aliyekuwa na ardhi nafasi ya kwanza muda unapokwisha. Ni vyema, lakini nafasi ya kwanza ya kuomba si haki ya kupewa, na Waingereza walihitaji zaidi ya karne moja kuitambua tofauti hiyo. Anunuaye fleti Upanga au Kilimani na ahesabu miaka kabla ya kuhesabu vyumba.