Kwa Nini Farasi Hawakulima Katanga

Huko Pennsylvania, Marekani, wakulima wa Kiamishi hukata majani kwa mashine inayokokotwa na farasi, huyakausha juani, huyaweka akiba ya mifugo kwa wakati wa baridi. Kandokando ya Lualaba majani si haba. Aliyekosekana ni mnyama wa kukokota. Mbung'o akimwuma farasi au ng'ombe humtia nagana, naye hukonda mpaka afe. Ndiyo maana shaba ya Msiri, mtawala wa Garenganze aliyeuawa mwaka 1891, ilichukuliwa mabegani mwa watu. Mwaka 1910 reli ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi. Wachukuzi wakapumzika, lakini mama shambani aliendelea kuinama na jembe lake. Baadaye ng'ombe walifugwa juu Biano, penye baridi na mbung'o wachache, wapate kuchinjwa kwa chakula cha watu wa migodini.