Vinywaji vya watoto wadogo safarini kwa ndege: kinachoruhusiwa na namna ya kukifungasha

Mzazi anayesafiri kwa ndege na mtoto mchanga hukabiliwa na masharti ya aina mbili: ya usalama, yanayopunguza vimiminika katika mizigo ya mkononi, na ya afya, yanayotaka mtoto apate kinywaji safi kwa wakati wake. Asiyeyafahamu yote huweza kuamriwa kumwaga maziwa kwenye ukaguzi, au kuyapitisha salama kisha yakaharibika angani.

Chanzo cha kanuni

Tarehe 10 Agosti 2006, polisi wa Uingereza walitangaza kuzima njama ya kulipua ndege zinazovuka Bahari ya Atlantiki kwa vilipuzi vya majimaji vilivyokusudiwa kufichwa ndani ya chupa za vinywaji. Siku hiyo abiria walizuiwa kubeba karibu kila kitu mkononi. Maziwa ya mtoto yaliruhusiwa, ila mzazi alitakiwa kuyaonja mbele ya mkaguzi. Novemba mwaka huohuo, Umoja wa Ulaya ukaweka ukomo wa mililita 100 kwa kila chombo, vyombo vyote vikitiwa katika mfuko mmoja wa lita 1 unaoonyesha vilivyomo. Nchi nyingi duniani zikafuata. Baadhi ya viwanja vyenye mashine mpya za ukaguzi vimelegeza ukomo huo, lakini kiwanja cha kurudia huenda bado kinaushikilia.

Mtoto ana msamaha

Maziwa na chakula cha mtoto kinachohitajika safarini huruhusiwa hata kikizidi mililita 100. Hata hivyo, masharti hutofautiana. Nchini Uingereza, maziwa ya mama yaliyokamuliwa hubebwa hata kama mtoto hayupo, katika vyombo visivyozidi mililita 2,000 kila kimoja, lakini yakiwa yamegandishwa hayaruhusiwi mkononi. Nchini Marekani, yaliyogandishwa hupita, pamoja na vifuko vya barafu vya kuyapoza. Uji, mtindi na matunda yaliyopondwa huhesabiwa kuwa vimiminika kama maji.

Njia iliyo bora ni kuviweka vinywaji vya mtoto katika mfuko wa peke yake, kuvitoa mapema na kumwarifu mkaguzi kabla ya mizigo kuingia kwenye mashine. Kiasi kipimwe kwa saa za safari nzima, pamoja na milo miwili au mitatu ya akiba kwa ajili ya ucheleweshaji.

Wanaobadilisha ndege njiani wakumbuke kwamba katika viwanja vingi hukaguliwa upya. Maji yaliyonunuliwa baada ya ukaguzi wa kwanza huweza kutupwa kwenye ukaguzi wa pili, hata kama chupa haijafunguliwa.

Usafi na joto

Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee hadi miezi sita, bila hata maji. Anayenyonya hahitaji kufungashiwa kitu. Anyonyeshwe mara nyingi zaidi, kwani hewa ya ndani ya ndege ni kavu mno. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa takribani saa nne katika joto la kawaida la chumba, na hadi saa 24 katika kisanduku cha kupozea chenye vifuko vya barafu.

Maziwa ya unga yanahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa unga wenyewe hauna hakika ya kukosa vijidudu. Shirika hilo huelekeza uchanganywe na maji yasiyopungua nyuzijoto 70, kisha yapozwe, na yanywewe ndani ya saa mbili. Yanayobaki kwenye chupa humwagwa. Kwa hiyo, unga upimwe nyumbani katika vikopo vikavu, kila mlo na kikopo chake. Themosi ipitishwe ukaguzini ikiwa tupu, kisha ijazwe maji yaliyochemka kwenye mkahawa uliopo ndani ya kiwanja.

Shinikizo la hewa

Ndege ikiwa juu, hewa ya ndani hupungua shinikizo, kama ya mahali palipo mita zipatazo 2,400 juu ya usawa wa bahari. Ndiyo sababu pakiti za maji ya matunda huvimba, na vikombe vya mrija humwaga vinapofunguliwa. Chupa isijazwe hadi juu, na ifunguliwe polepole. Ndege inaposhuka, mtoto apewe titi, chupa au kikombe: kumeza hufungua mirija inayounganisha koo na masikio, na maumivu hupungua. Ushukaji huanza kama nusu saa kabla ya kutua. Mlo mmoja uwekwe kwa ajili hiyo.

Mifuko ya plastiki

Katika Afrika Mashariki kuna jambo la ziada. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya 2017 na Tanzania Bara 2019. Mifuko ya kubebea bidhaa huachwa uwanjani. Tanzania iliruhusu vifuko vya kufunga vinavyotumiwa na abiria kwa vifaa vya usafi wa mwili, kwa matarajio kwamba mwenyewe ataondoka navyo. Kwa chupa za mtoto, mfuko wa kitambaa huondoa mashaka.

Kabla ya safari, mzazi asome kanuni za kila kiwanja atakachopitia, si za kile cha kuondokea peke yake. Neno la mwisho hubaki kwa mkaguzi aliye zamu.