Ubuyu wa Leo: Mzee Anayezuia Bomba Lako Lisivuje, na Jina Lake Hulijui

Leo sina habari ya nani kaachana na nani. Leo nina ubuyu wa kijiduara cha mpira.

Iko hivi. Mwezi uliopita jirani yangu wa chini alipanda ngazi kanuna: "Dada, dari langu linalowa kwa sababu yako." Kufungua kabati la chini ya sinki, loh, dimbwi! Bomba langu ni lile la kisasa la kuvuta, lenye mpira mrefu na kichwa kama shawa ndogo. Fundi akaja, akaangalia dakika mbili, akasema bomba zima limekufa, ninunue jipya. Na mwenye nyumba naye akatuma meseji kwamba dari la jirani litakatwa kwenye hela yangu ya tahadhari. Nikakaa chini, nikataka kulia.

Kumbe tatizo lilikuwa oringi. Kile kiduara cheusi kinachokaa pale kichwa kinapoungana na mpira. Kilikuwa kimekauka na kupasuka. Maji yalikuwa yanatoka pale juu, yanateleza kwenye mpira taratibu hadi kabatini. Ndiyo maana kila mtu alikuwa anaangalia chini wakati ugonjwa uko juu.

Nikajiuliza, nani aliyeleta hiki kidude? Nikaingia kusoma, nikakutana na stori ya maisha.

Mzee anaitwa Niels Christensen. Alizaliwa Denmaki mwaka 1865, akajifunza ufundi wa mashine, kisha mwaka 1891 akahamia Marekani kutafuta maisha kama wengi wetu tulivyokuja mjini. Akajipatia jina kwa breki za upepo za tramu. Miaka ya 1930, wenzake wa umri ule wanacheza na wajukuu, yeye bado anahangaika na breki, anatafuta njia ya kuzuia kimiminika kisivuje pembeni mwa pistoni.

Jibu lake lilikuwa rahisi mpaka linakera. Chukua duara la mpira, liweke kwenye mfereji uliochongwa kwenye chuma, mfereji uwe mpana kidogo kuliko duara lenyewe, halafu libanwe kiasi. Presha ikija, inalisukuma duara upande mmoja na kulikandamiza zaidi. Yaani kadiri maji yanavyolazimisha kupita, ndivyo mlango unavyozidi kujifunga. Aliomba hataza, ile hati ya kulinda ugunduzi, mwaka 1937 akiwa na miaka 72. Akapewa mwaka 1939. Wewe una miaka 25 unasema umechelewa!

Mwaka 1940 jeshi la Marekani likaijaribu kwenye magurudumu ya ndege, ikafanya kazi vizuri. Sasa hapa ndipo panauma. Marekani ilipoingia Vita vya Pili vya Dunia, serikali ilichukua haki ya ule ugunduzi na kuruhusu viwanda vitengeneze oringi, vita ishindwe na nani alipwe nini ijadiliwe baadaye. Mzee akapewa dola 75,000. Viwanda vikazitoa kwa wingi, zikaingia kwenye ndege, magari, pampu, na mwisho jikoni kwangu na kwako. Familia ikadai haki, na mwaka 1971 warithi wakalipwa dola 100,000 nyingine. Mzee mwenyewe alikuwa ameshafariki tangu 1952. Miaka 19 kaburini!

Na usidharau kidude hiki. Tarehe 28 Januari 1986, chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kililipuka sekunde 73 baada ya kuruka. Watu saba walikufa. Asubuhi ile ilikuwa na baridi kali, oringi kwenye roketi ya pembeni zikakakamaa, zikashindwa kuziba, moto ukapenya. Wahandisi walikuwa wameonya usiku wa kuamkia siku ile, wakubwa wakaamua kiruke hivyohivyo. Baadaye mwanafizikia Richard Feynman alikichovya kipande cha mpira ule kwenye glasi ya maji ya barafu mbele ya kamera. Dunia nzima ikaona ulivyopoteza mnyumbuko.

Haya, kwa anayevujiwa sasa hivi. Kausha kila kitu kwa kitambaa. Zungushia tishu kwenye maungio, kisha fungua maji. Tishu ikilowa pale kichwa kinapoungana na mpira, funga maji, fungua kichwa, toa oringi au washa iliyochoka, nenda nayo dukani upewe saizi ileile. Usikadirie kwa macho. Kama mpira wenyewe umetoboka katikati, badilisha mpira, usihangaike na gundi. Kama maji yanarukaruka hovyo kwenye matundu, hiyo ni chumvi ya maji ya kisima. Loweka kichwa kwenye siki, kisha sugua na mswaki wa zamani.

Mimi oringi ilinigharimu hela ya soda. Nilimpelekea jirani pole na sambusa, nikamwonyesha kile kiduara kilichopasuka. Akacheka, akasema, "Yaani hiki ndicho kilichotugombanisha?" Ya tahadhari bado tunavutana na mwenye nyumba, nitawapa mrejesho.

Ila tangu siku ile nikifungua bomba namkumbuka yule mzee wa Kidenmaki. Kazi yake iko kila nyumba, jina lake haliko popote.

Na wewe, fundi gani alishakuambia "limekufa hili" kumbe lilikuwa zima? Dondosha stori yako hapo chini, ila majina tuyaache.