Mbolea ya Kupandia Haisubiri

Huku Songea mahindi hupandwa mvua za kwanza zikishashika, kuanzia Novemba. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai mosi. Ruzuku ya mbolea, ile niliyoiona na ile niliyosimuliwa na mama, imepona au imekufa katikati ya tarehe hizo mbili.

Mama huanzia miaka ya sabini, watu wakiwa wamekwishahamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Bei ya mahindi ilikuwa moja nchi nzima, na vyama vikuu vya ushirika vilipofutwa mwaka 1976, Shirika la Usagishaji la Taifa likawa linanunua vijijini moja kwa moja. Mbolea ya kiwanda cha Tanga, kilichoanza kazi mwaka 1972, iliuzwa kwa bei iliyobebwa na serikali. Siku hizi ni rahisi kuubeza mfumo ule kwa hasara zake, na hasara zilikuwepo kweli. Lakini kwa mkulima wa Ruvuma, aliye mbali na bandari na mbali na walaji wa Dar es Salaam, ulimwondolea mzigo wa nauli ya lori. Bila hivyo sidhani kama Iringa, Mbeya, Rukwa na sisi tungekuwa ghala la taifa.

Miaka ya tisini ruzuku ilipunguzwa msimu hadi msimu, na kufikia katikati ya muongo ikawa imefutwa. Kiwanda cha Tanga nacho kilifungwa. Mama alilima shamba lilelile bila mbolea, akavuna mabua membamba.

Mwaka 2003 serikali ilianza tena kwa kulipia usafirishaji. Kisha bei za mbolea duniani zikapaa, na mwaka 2008 zikaja vocha. Kila kijiji kilichagua kamati ya watu sita, wanawake watatu na wanaume watatu, na mama akawa mmoja wao. Kaya iliyoteuliwa ilipewa karatasi za mbegu, mbolea ya kupandia na mbolea ya kukuzia, za kutosha ekari moja. Serikali ililipa karibu nusu ya bei, mkulima akajazia. Kaya zinazoongozwa na wanawake zilitangulizwa, jambo ambalo hapo kijijini halikuwa dogo hata kidogo.

Nilimwona mama akigawa vocha. Kwa mzee asiyejua kuandika, alikishika kile kidole gumba mwenyewe, akakibonyeza kwenye kidau cha wino, akakilaza taratibu juu ya karatasi kutoka ukingo mmoja hadi mwingine ili mistari yote itoke, kwani wakala wa pembejeo alihitaji karatasi safi ya kupeleka benki. Kisha alisoma jina kwa sauti, wote wasikie.

Uchungu ulikuwa kwenye tarehe. Msimu mmoja vocha zilifika mahindi yakiwa magotini. Ya kukuzia bado ilifaa. Ya kupandia ilitakiwa iwe shimoni pamoja na mbegu, ili mizizi ipate fosfati ingali michanga. Ukiimwaga juu Januari umetupa hela. Waliokosa fedha ya kujazia waliweka saini, wakamwachia mfanyabiashara karatasi kwa shilingi chache. Siwalaumu. Karatasi isiyogeuka mbolea kwa wakati haina kazi nyumbani, na ada za shule zilikuwa zinasubiri.

Siku ya Nane Nane mwaka 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku mpya jijini Mbeya: mkulima anasajiliwa, anapewa namba, na mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia ukauzwa shilingi 70,000, wakati bei ya soko ilikuwa imezidi laki moja. Namba imeondoa wino na kidau, na jirani hakai tena kuamua nani apate. Nalipokea hilo kwa mikono miwili. Ila namba haisafirishi mfuko. Mkulima aliyeko kilomita nyingi kutoka kwa wakala bado hupanga foleni mjini, hulala huko, hulipa bodaboda kurudi. Ninachokidai ni mbolea ya kupandia iwe imefika kwenye kata kabla Oktoba haijaisha.