Kinga ya Jamii: Jinsi Chanjo ya Surua Inavyowalinda Hata Wasiochanjwa

Chanjo ya surua humkinga anayeipata. Watu wengi wanapochanjwa, humlinda pia asiyeweza kuchanjwa, kwa kuwa virusi hukosa njia ya kumfikia. Hali hiyo huitwa kinga ya jamii.

Surua ni miongoni mwa magonjwa yanayoambukiza kwa kasi kubwa zaidi. Virusi vyake huenea kwa njia ya hewa na huweza kubaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka. Maambukizi huanza takribani siku 4 kabla ya vipele kujitokeza. Hivyo, mtoto anayewasili Tanga kwa basi au boti anaweza kuwaambukiza wengine kabla ya mzazi kutambua tatizo. Pasipo na kinga, mgonjwa mmoja huweza kuambukiza watu 12 hadi 18. Ili kuzuia mlipuko, takribani asilimia 95 ya watu huhitaji kuwa na kinga.

Umuhimu wa dozi ya pili

Nchini Tanzania, chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto anapofikisha miezi 9 na miezi 18. Dozi ya kwanza huwapa kinga takribani watoto 85 kati ya 100. Kwa hiyo, hata watoto wote wa mtaa wakiipata, idadi inayohitajika haifikiwi. Dozi ya pili huziba pengo hilo.

Wanaotegemea kinga ya wengine

Kundi hili linajumuisha watoto wasiofikisha miezi 9, wajawazito na wagonjwa wenye upungufu mkubwa wa kinga mwilini. Mtoto wa miezi 7 anayeishi Raskazone hulindwa zaidi na chanjo za watoto wa jirani kuliko wastani wa mkoa mzima. Wasiochanjwa wakiwa wengi katika mtaa mmoja, surua inaweza kulipuka hapo hata kama takwimu za mkoa ni nzuri.

Si kila chanjo hukinga jamii kwa namna hii. Pepopunda, kwa mfano, haiambukizwi kutoka kwa mtu hadi mtu, hivyo chanjo yake haileti kinga ya jamii.

Wazazi na walezi wanahimizwa kukagua kadi za kliniki za watoto wao na kuwapeleka kituo cha afya kilicho karibu kukamilisha dozi zote mbili. Chanjo hizo hutolewa bila malipo.