Kibaba Kilijazwa na Nani? Historia Fupi ya Kubana Matumizi, Kutoka Pwani hadi Midrand

Wanachama wenzangu, sidhani kama kuna mmoja wetu ambaye hakuandika insha ya shule iliyoanza kwa methali "Haba na haba hujaza kibaba." Lakini ni wachache waliowahi kukiona kibaba chenyewe. Kilikuwa kipimo cha nafaka, na vibaba vinne vilifanya pishi moja. Methali hiyo ina harufu ya jikoni na ya duka la mchele, ingawa sisi tumezoea kuisoma kama fundisho la subira tu. Mwanahistoria angeanza na swali jingine: hizo haba zilitoka wapi, na ni mkono wa nani uliozitia?

Swali hilo lilinijia likizo iliyopita, nikiwa kwa mama mdogo huko Midrand, Afrika Kusini. Mji huo uko kati ya Johannesburg na Pretoria, na mtaa wake wa zamani unaitwa Halfway House kwa sababu magari ya farasi ya karne ya 19 yalipumzika hapo katikati ya safari. Leo wanaopita katikati ya safari ni wafanyakazi. Mama mdogo anaelekea Pretoria kabla ya jua kuchomoza, mumewe anaelekea Johannesburg, na watoto watatu wanasubiri gari la shule. Ni familia ambayo kwa siku za kazi hukutana usiku tu.

Hata hivyo nyumba hiyo ina raha zake, na zote ni za bei ndogo. Jumamosi usiku mama mdogo hukanda unga wa maandazi wenye iliki na tui la nazi. Jumapili asubuhi tunaamshwa na harufu. Yanayobaki huingia kwenye vikopo vya chakula cha shule hadi Jumanne. Wali ukipikwa, watoto hugombea ukoko. Kesho yake kiporo hupashwa moto na kunywewa chai, na hakuna anayekionea haya. Nilimwambia nitaandika makala ya kusifu maisha hayo katika jarida letu. Akacheka, akasema, "Andika, mwanangu. Lakini andika pia nililala saa ngapi."

Alikuwa amelala saa saba usiku. Tangu hapo nimekuwa nikiisoma historia ya kubana matumizi kwa jicho tofauti, na ninachotaka kusema hapa ni hiki: fedha iliyookolewa nyumbani mara nyingi imelipiwa kwa saa za mtu, na mtu huyo kwa kawaida hakuandikwa popote.

Tuanze na nguo, kwa kuwa kanga tunaijua sote. Simulizi mashuhuri ya pwani inasema kwamba mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa Zanzibar na Mombasa walikuwa wakinunua leso zilizouzwa kwa jora, zikiwa bado hazijakatwa moja moja. Neno lenyewe "leso" tumelirithi kutoka kwa Wareno. Wanawake hao walikata leso sita, wakazishona safu mbili za tatu tatu, wakapata vazi moja pana kwa bei nafuu na kwa pambo walilolipenda wenyewe. Wafanyabiashara walipoona mtindo umeshika, wakaagiza kitambaa kilichochapwa tayari kwa ukubwa huo kutoka viwanda vya ng'ambo. Baadaye kanga zikachapwa nyumbani Afrika Mashariki pia, kikiwemo kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam kilichoanza mwaka 1968. Ubunifu ulianza na sindano ya mwanamke barazani, faida ikaishia kwa mwenye mashine. Lakini jikoni uchumi wa kanga uliendelea kama kawaida: doti mpya ya kutokea, kisha mbeleko ya mtoto, kisha pazia, kisha kitambaa cha kushikia sufuria, na mwisho wa yote dekio.

Sasa turudi kusini, ambako kazi ya namna hiyo iliwahi kufanywa kosa la jinai. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 mwanaanthropolojia Ellen Hellmann alifanya utafiti katika ua mmoja wa Doornfontein, Johannesburg, uliojulikana kama Rooiyard, yaani "ua mwekundu". Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1948. Hellmann alifanya jambo ambalo watafiti wengi wa wakati wake hawakulijali: alihesabu mapato na matumizi ya nyumba moja moja. Alikuta kwamba mshahara wa mume haukutosha kuilisha familia na kulipa kodi ya chumba. Pengo lilizibwa na mke, kwa kufua nguo za watu na, zaidi ya hapo, kwa kutengeneza pombe ya kienyeji na kuiuza mwisho wa juma. Kwa kuwa sheria ilikataza, madebe ya pombe yalifukiwa ardhini uani ili polisi wasiyaone. Wasomaji wasiogusa pombe waniwie radhi. Ninachozungumzia hapa ni bajeti. Mtama na mahindi yaliyochachushwa ndani ya debe yalikuwa karo ya mtoto na kodi ya nyumba.

Serikali yenyewe haikuichukia pombe hiyo. Sheria ya Natal ya mwaka 1908 iliziruhusu manispaa kuitengeneza na kuiuza peke yao, na Durban ikaanza kuendesha kumbi zake mwaka uliofuata. Mapato yake yaligharimia utawala wa Waafrika mjini. Johannesburg ikafuata mtindo huo mwishoni mwa miaka ya 1930. Kwa hiyo kinywaji kilekile kilikuwa halali kikiuzwa na manispaa, na haramu kikipikwa na mama. Juni 1959 wanawake wa Cato Manor, Durban, walichoka. Walizivamia kumbi za manispaa, wakawatoa wanaume na kumwaga pombe. Vitabu vya shule huliweka tukio hilo katika sura ya mapambano dhidi ya ubaguzi wa rangi, na ndipo mahali pake. Mimi naona lina nafasi pia katika historia ya jikoni, kwa sababu wanawake hao walikuwa wakitetea haki ya kuziba pengo la mshahara kwa mikono yao.

Katika nyua hizo pia ndipo stokvel ilipostawi mjini. Wengi wanalieleza neno hilo kuwa limetokana na minada ya mifugo ya walowezi wa Kiingereza wa Rasi ya Mashariki katika karne ya 19. Desturi yenyewe haihitaji kufafanuliwa kwa msomaji wa Kiswahili: watu huchanga kiasi sawa, na kila zamu mmoja huchukua chote. Tanzania tunacheza upatu, wengine huuita mchezo au kibati. Kenya wana chama. Kwa Kixhosa huitwa umgalelo, kutokana na kitenzi chenye maana ya kumimina. Walimu wetu wa isimu wataona kwamba hakuna hata jina moja kati ya hayo linalotaja benki. Upatu ni pia jina la sahani ya madini inayogongwa ngomani, na mchezo ni mchezo. Stokvel za zamani nazo zilikuwa na chakula, kinywaji na muziki nyumbani kwa mwenye zamu. Waliobana matumizi hawakuitenga akiba na furaha. Hadi leo kuna stokvel za vyakula, ambazo wanachama wake huchanga mwaka mzima, na Desemba hununua unga, mafuta, sukari na mchele kwa jumla, kisha hugawana.

Nilikwenda na mama mdogo kwa rafiki yake Ivory Park, upande wa mashariki wa Midrand. Mtaa huo ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati watu waliobanwa na uhaba wa nyumba walipopewa viwanja vitupu karibu na Tembisa, kitongoji kilichoanzishwa mwaka 1957 kwa ajili ya Waafrika waliohamishwa kutoka Alexandra na maeneo mengine. Rafiki huyo hukaanga magwinya alfajiri na kuyauza kwa wanaowahi usafiri. Ukiyaona utasema ni ndugu wa maandazi: unga, hamira, sukari, chumvi na mafuta ya moto. Makaburu huyaita vetkoek. Mtaani pia wanauza kota, robo ya mkate iliyochimbwa na kujazwa chipsi na achari. Neno hilo limetoka kwenye neno la Kiingereza la robo, nasi tulilipata "robo" kwa Waarabu. Lugha mbili, mkate mmoja, mfuko uleule.

Alituonyesha pia namna anavyowasha mbaula, jiko la debe lililotobolewa. Makaa ya mawe huwekwa chini, karatasi na vijiti juu yake, kisha moto unawashwa kutoka juu na kushuka taratibu. Moshi unapungua sana na makaa yanadumu. Njia hiyo inajulikana kama Basa Magogo, yaani "washa, bibi", na sifa yake hupewa bibi mmoja wa eMbalenhle, Mpumalanga. Wataalamu waliipima baadaye na serikali ikaitangaza. Tofauti na kisa cha kanga, hapa angalau jina la njia lilibaki na bibi ndani yake.

Kilomita chache kutoka jiko hilo, katika viwanja vya Gallagher, ndipo lilipo Bunge la Afrika tangu mwaka 2004. Rais wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Mama Gertrude Mongella. Miaka tisa kabla ya hapo, mwaka 1995, yeye ndiye aliyekuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake uliofanyika Beijing. Wengi wetu tunaukumbuka mkutano huo kwa kaulimbiu na kanga zilizochapwa baada yake. Kuna jambo moja katika mpango wake wa utekelezaji ambalo halisemwi sana: serikali zilikubaliana kutafuta njia za kupima kazi zisizolipwa, zikiwemo za nyumbani, ili zionekane kwenye takwimu za nchi. Afrika Kusini ilifanya uchunguzi wa kitaifa wa matumizi ya muda mwaka 2000 na tena mwaka 2010; Tanzania iliingiza maswali ya aina hiyo katika uchunguzi wa nguvu kazi wa mwaka 2006. Uchunguzi wa Afrika Kusini wa 2010 ulionyesha kwamba wanawake walitumia katika kazi za kutunza nyumba zaidi ya mara mbili ya muda wa wanaume.

Kwa maneno mengine, mama mdogo alikuwa anadai kwa cheko kile kilichodaiwa Beijing kwa maazimio. Hakutaka maandazi yaachwe. Yeye ndiye wa kwanza kuyala, yakiwa bado yanachuruzika mafuta. Alitaka hesabu iwe kamili. Anayeandika kwamba familia iliokoa bei ya mkate wa juma zima, aandike na zile saa tatu za usiku. Anayesifu kanga iliyotumika miaka kumi, amtaje aliyeifua na kuitia viraka.

Ombi langu kwa chama chetu ni dogo. Msamiati wa uchumi huu upo katika Kiswahili: kiporo, ukoko, kiraka, dekio, fungu, robo, upatu. Tumeufanyia kazi kidogo mno. Kila mwanachama amuulize mama, shangazi au bibi yake mambo matatu: alibana nini, alijifunza kwa nani, na kazi hiyo ilimchukua muda gani. Majibu yakusanywe na kuhifadhiwa katika maktaba ya chama kabla wenyewe hawajatutoka. Tukiyapata hamsini tu, mwanahistoria wa miaka ijayo hatalazimika kubahatisha.

Nami niseme la kwangu. Jumamosi ya mwisho kabla ya kuondoka Midrand nilikanda unga mimi, na binamu yangu wa kiume mwenye miaka kumi na miwili akasukuma. Maandazi yalitoka magumu, mengine kama mawe. Watoto waliyala kwa kuyachovya kwenye chai. Mama mdogo alikuwa amelala saa tatu.