Sanamu za Hekaya: Kutoka Mkwaju wa Katabi hadi Makabati ya Ulaya

Kando ya ziwa Katavi, ndani ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1974, ambayo jina lake limechukuliwa pia na mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa Rukwa, uko mkwaju ambao wenyeji wanausadiki kuwa makao ya roho ya Katabi, mwindaji mashuhuri wa hekaya za Wabende. Na chini ya mti huo watu wameendelea kuweka sadaka wakiomba baraka zake. Hapo inadhihirika tabia ya binadamu ya tangu azali: hekaya ikimkolea moyoni hairidhiki kukaa katika sauti ya msimulizi peke yake, bali hutafuta mwili wa kukaa, uwe mti, uwe udongo, au uwe gogo lililochongwa na fundi.

Viwanda vya Marekani viliitambua tabia hiyo na kuigeuza biashara adhimu. Mwaka 1964 kampuni ya Hasbro ilitoa G.I. Joe, mwanasesere wa askari mwenye viungo vinavyokunjika; mwaka 1978 Kenner ikaleta mashujaa wa Star Wars; mwaka 1979 Knickerbocker ikawafinyanga kwa plastiki watu wa hekaya za Tolkien; na mwaka 1982 Mattel ikamleta He-Man na upanga wake. Watoto waliowachezea wakati huo leo ni watu wazima, na aghalabu huwatafuta tena kwa bei ambazo wazazi wao wasingezisadiki, hasa wakiwapata ndani ya maboksi ambayo hayajafunguliwa. Lakini mtu wa masimulizi kupewa mwili wa kushikika, na mikono yake kuunganishwa hata icheze, si fikira iliyobuniwa na viwanda hivyo. Magharibi mwa Tanzania imekuwa maarifa ya mafundi wa mti na ya wachezaji wa ngoma.

Ushahidi ulio bayana hutoka kwa Wasukuma, ambao kwa miongo mingi wamekuwa wakihamia nchi ya Katavi na mifugo yao, wakitafuta malisho na mashamba mapya. Ngoma zao za mashindano zimegawanyika katika vyama viwili, Bagika na Bagalu, na asili ya mgawanyiko huo husimuliwa kuwa ni ushindani wa waganga wawili, Ngika na Gumha, waliotaka kujua dawa ya nani ina nguvu zaidi. Pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa. Kwa ajili hiyo wachezaji walichongewa sanamu za mti, nyingine kubwa sana, nyingine zenye mikono iliyounganishwa na kiwiliwili ili mchezaji aitikise mbele ya hadhara. Nazo zilishangaza, zilichekesha, na zilimwita aliyesimama upande wa pili avuke. Ndiyo kusema kwamba simulizi ya waganga wawili iliendelea kupiganwa kila msimu wa mavuno, na sanamu zilikuwa miongoni mwa silaha zake.

Kadhalika udongo ulitumika. Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa mtaalamu wa elimu ya jamii wa serikali ya Tanganyika, alichapisha mwaka 1956 kitabu kuhusu sanamu zilizofinyangwa kwa ajili ya mafunzo ya jando na unyago, akionyesha kwamba sanamu ilikwenda pamoja na wimbo wake na fundisho lake. Mwari hakuonyeshwa sanamu bila kuimbiwa maana yake, na maana hiyo ndiyo aliyotoka nayo kuingia katika aushi ya utu uzima.

Historia ya Katavi yenyewe inatuonyesha madhara ya kuitenga sanamu na simulizi yake. Karema, kijiji cha pwani ya Ziwa Tanganyika, kilifanywa kituo cha jumuiya ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji mwaka 1879. Mwaka 1882 ofisa Émile Storms alishika uongozi wa kituo hicho, na mwaka uliofuata akavuka ziwa na kujenga Mpala, katika nchi ya Watabwa. Huko aligombana na mtawala aliyeitwa Lusinga, na Desemba 1884 watu wa Storms wakamuua Lusinga na kukikata kichwa chake. Pamoja na fuvu ilichukuliwa sanamu yake ya mti, iliyochongwa kwa ustadi wa nadra, ngozi yake imechorwa chale za Watabwa, ambayo ilikuwa shahidi wa nasaba na haki ya kutawala. Sanamu ikawa pambo la nyumba ya Storms mjini Brussels, na katika miaka ya 1930 mjane wake akaitoa kwa jumba la makumbusho la Tervuren, ambako imesifiwa miongoni mwa kazi bora za uchongaji wa Afrika. Sifa hiyo ni haki yake. Lakini aliyeitazama juu ya rafu ya Brussels aliona mti mzuri, wala hakusikia majina ya wahenga ambayo mti ule ulichongwa uyashuhudie.

Mkusanyaji wa wanasesere wa plastiki hukithamini kitu kilichofungwa. Sanamu zetu zina kanuni iliyo kinyume: thamani yake hupatikana zinapofunguliwa, zinapochezwa, zinapoimbiwa na kuelezwa. Basi insafu inadai kwamba kila jumba lenye sanamu iliyotwaliwa kwa damu liweke kando yake kisa chote, pamoja na jina la aliyeuawa. Na wajibu ulio wetu sisi wa Mpanda, Karema, Inyonga na Mpimbwe haungoji hisani ya mtu wa ng'ambo. Udongo upo, watoto wapo, na wazee wanaojua hekaya za Katabi bado wanaweza kuulizwa. Walimu na wawafinyangishe wanafunzi wao mwindaji yule na wanyama wake, kisha wamwalike mzee asimulie, na maneno yake yaandikwe kama alivyoyatamka. Kwani sanamu iliyopotea fundi aweza kuichonga tena, lakini hekaya ikifa na msimulizi wake hakuna fundi awezaye kuirudisha.